Insafu ya Difu

Aliyepata kukwama na gari masika katika udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono na mvua ikinyesha hugeuka ulimbo, hakosi kulishuhudia jambo linaloshabihi kejeli: gurudumu moja la nyuma lazunguka kwa ghadhabu na kurusha matope hadi mlangoni, ilhali lenziwe, lililokaa juu ya changarawe kavu na lenye uwezo wa kulitoa gari, limetulia tuli kana kwamba shughuli hailihusu. Wengi hudhani mtambo umeharibika. La, unatenda kazi yake kwa insafu kamili, na insafu hiyo ndiyo balaa.

Gari likikata kona ya pembe mraba, gurudumu la nje huenda masafa marefu kuliko la ndani. Na ikiwa baina yao pana mita 1.5, tofauti hiyo hufika takriban mita 2.4, kona iwe pana au ya kubana. Kwa ajili hiyo Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza mwaka 1827 kwa mpango wa gia ambao mafundi wetu huuita difu, unaoliacha kila gurudumu lizunguke kwa kasi yake, huku nguvu ya kusokota ikigawanywa nusu kwa nusu. Lakini nguvu haisukumi pasipo kizuizi: maadamu tope hulikinza gurudumu la kwanza kwa kadiri ya kibaba, la pili nalo hupewa kibaba, japo lingeweza kubeba pishi nzima.

Tadbiri kongwe ni kuifunga difu, ekseli mbili ziwe kama kitu kimoja. Hufaa topeni, lakini juu ya lami, kwenye kona, huchuna matairi na huweza kuvunja ekseli. Mmarekani Vernon Gleasman, aliyepewa hataza mwaka 1958, alibuni difu ya Torsen, ambayo gia zake hulipa gurudumu lenye mshiko mara mbili, hata mara tatu, ya linaloteleza. Ila gurudumu likining'inia hewani, mara tatu ya sifuri ni sifuri.

Madereva wakongwe walikuwa na hila yao, nami naistahi kuliko hataza nyingi: kuivuta breki ya mkono meno mawili matatu, kisha kukanyaga mafuta polepole, mpaka gurudumu lenye wazimu lipunguze kasi na lenziwe lianze kunguruma juu ya changarawe. Breki hujifanya ardhi ngumu. Magari ya leo hutenda hayo kwa kompyuta, inayopima kasi ya kila gurudumu na kulibana lile tu linalokimbia ovyo. Walakini nguvu iliwayo na breki hugeuka joto, na shughuli ikirefuka, baadhi ya mitambo hujizima ipoe. Ndipo dereva anaposhuka, akakunja suruali, akaenda kukata matawi ya kutandika chini ya tairi.