Novemba Inapomkatisha Tamaa Mkimbiaji Mgeni

Anayeanza kukimbia huku kwetu, mkoani Mtwara, mwezi wa Agosti huanza na bahati. Kusi inavuma, asubuhi ina kaubaridi, jasho linakauka lenyewe. Wiki za kwanza anachanganya kukimbia na kutembea, na ikifika Oktoba anatoka Kilambo na barabara ya kwenda Mtwara mjini, anageuka na kurudi, kilomita 5 bila kusimama. Kisha inakuja asubuhi moja ya Novemba. Njia ni ileile, viatu ni vilevile. Kilomita ya pili haijaisha, pumzi imekata, mapaja yamekuwa mazito, kichomi kimembana ubavuni, na anarudi nyumbani anatembea huku waendesha bodaboda wakimtazama.

Wengi huacha mbio wiki hiyo. Inaniuma, kwa sababu wanajihukumu bila kosa. Wanaamini wamerudi nyuma, wakati kilichobadilika ni hewa.

Misuli inapofanya kazi, karibu robo tatu ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto. Joto hilo lazima litoke, kwa hiyo moyo husukuma damu hadi kwenye ngozi, na ngozi hutoa jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutiririka, linapoza likikauka. Kaskazi ikishaingia na mvua kukaribia, hewa ya maingilio ya Ruvuma, penye mto, mikoko na bahari, inakuwa imeshashiba maji. Kanga uliyoanika asubuhi inashinda kambani mbichi, na jasho lako nalo linabaki mgongoni. Mwili unazidi kupeleka damu kwenye ngozi, na ni damu hiyohiyo inayodaiwa na miguu. Matokeo yake, kwa mwendo uleule wa Agosti, moyo unapiga haraka zaidi. Usipokunywa maji, ujazo wa damu nao unapungua, na moyo unalazimika kuongeza kasi tena.

Mkimbiaji mzoefu haogopi hali hiyo maana ameshapita Novemba nyingi. Mgeni hana cha kulinganisha. Mbio zake zote ni za kusi, na amezifanya kuwa kipimo cha uwezo wake.

Na hapa pana jambo ambalo ningependa kila anayetaka kuacha alijue kwanza: mwili huzoea joto, tena upesi. Siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi katika joto hutosha kuleta mabadiliko makubwa. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, mapigo ya moyo hushuka. Sharti ni kuendelea kutoka, lakini polepole. Anayeacha katika wiki ya kwanza ya joto anaacha wakati mwili umeshaianza kazi hiyo.

Wanaokimbilia ufukweni, kwa mfano Msimbati, wana mtego mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kukimbia kwenye mchanga mlaini hutumia nguvu mara 1.6 ya ile ya ardhi ngumu. Maji yakipwa unapata mchanga wa majimaji, mgumu, unaobeba mguu. Yakijaa unabaki na ule mkavu wa juu, karibu na minazi, unaomeza kifundo. Na maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukikuta yamepwa saa 12 asubuhi Jumatatu hii, Jumatatu ijayo saa hiyohiyo utakuta yamejaa au yanakaribia kujaa. Kilambo hakuna haja ya kumfundisha mtu ratiba ya maji, kivuko cha kwenda ng'ambo, Msumbiji, kimekuwa kikisubiri maji yajae kwa miaka mingi. Lakini mkimbiaji huyohuyo anayejua saa ya kivuko anashangaa kwa nini leo amechelewa dakika 5 kuliko juzi.

Basi weka saa kando kwa majuma hayo, ujipime kwa mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata, mwendo ni sawa. Ukishindwa, punguza, au tembea mpaka pumzi irudi. Kutembea ni sehemu ya mazoezi. Kuhusu saa ya kutoka, alfajiri hewa huwa na unyevu mwingi kuliko mchana, lakini jua halijawaka, na mimi bado nachagua alfajiri.

Hatari kubwa zaidi ni kesho yake, baada ya mbio mbaya. Mtu aliyeumia moyo hutaka kulipiza, anaamka na kukimbia kwa hasira ili ajithibitishie. Moyo na mapafu ya mgeni hupata nguvu ndani ya wiki chache, ila kano na mifupa huhitaji miezi. Hasira hiyo huishia kwenye maumivu ya ugoko. Pumzika siku moja, kisha nenda nusu ya umbali uliouzoea, polepole. Zaidi ya hapo, siku iliyokuwa mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na siku ya wastani, hata usipofanya lolote la pekee.

Hata wanariadha wetu wakubwa wamepata siku mbaya. Mtanzania John Stephen Akhwari tunamkumbuka kwa Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, alipoanguka, akaumia goti, na bado akamaliza marathoni akiwa wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Naheshimu ushujaa ule, lakini simshauri mwanafunzi wangu yeyote aumalize mzunguko wa kijiji na goti lililoumia. Ninachokitaka kwa Akhwari ni kile kisichosimuliwa sana: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni. Mtanzania mwenzake, Alphonce Simbu, naye alimaliza wa 17 kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Septemba 2025, katika fukuto la Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa karibu sana mpaka ikabidi picha ya kwenye utepe itazamwe.

Lakini si kila mbio mbaya ni ya kusubiri ipite. Ukihisi kizunguzungu, baridi ya ghafla wakati jua linawaka, kuchanganyikiwa au maumivu ya kifua, simama hapohapo, ingia kivulini, umwagiwe maji, na upelekwe kituo cha afya. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Malaria bado ipo katika mkoa wetu, na mara nyingine huanza na uchovu tu na miguu isiyo na nguvu. Zikifuatana mbio 3 au 4 mbaya hata asubuhi yenye ubaridi, nenda zahanati ukapime malaria na wingi wa damu, hasa mwanamke anayepata hedhi nzito, maana damu ikipungua hakuna mazoezi yatakayoziba pengo. Ukikutwa na malaria, maliza dozi, kula vizuri, na uanze upya kwa kutembea, ukisubiri nguvu irudi kabla ya kuongeza hatua.