Usingoje macho yakuume ndipo uyapime

Dereva mmoja wa matatu, mwenye umri wa miaka 46, alinijia kliniki mwaka juzi akilalamika kuhusu kikohozi. Nilipokuwa nikimwandikia dawa, alicheka akasema kwamba kondakta wake ameanza kumtania, kwani katika muda wa miezi mitatu alikuwa amevunja kioo cha pembeni cha kushoto mara mbili. "Daktari, barabara za jiji hili zimekuwa nyembamba," aliniambia.

Nilimsimamisha mbele ya ubao wa herufi. Alizisoma zote hadi mstari wa mwisho, tena bila miwani. Lakini nilipomwomba afunike jicho la kulia, anitazame usoni, kisha nikasogeza kidole polepole kutoka pembeni, hakukiona mpaka kilipokaribia pua yangu. Nilimwandikia barua aende kwa mtaalamu wa macho siku iyo hiyo. Jibu lilikuwa glakoma katika macho yote mawili, la kushoto likiwa limeharibika zaidi. Ndipo alipokumbuka kwamba marehemu babake alikufa akiwa kipofu, na watu wa nyumbani walisema ni uzee tu.

Msomaji, jicho lina maji yake ya ndani, ambayo si machozi. Maji hayo hutengenezwa kila wakati na hutoka kupitia vijia vidogo sana. Vijia hivyo visipopitisha maji vizuri, presha ya ndani ya jicho hupanda na kuumiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida presha hiyo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wako watu ambao neva zao huharibika hata presha ikiwa katika kiwango hicho. Kwa sababu hiyo daktari hatosheki na kipimo kimoja. Ni lazima pia achungulie neva yenyewe nyuma ya jicho.

Aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi kwetu haiumi. Jicho halipigi wekundu wala halitoi usaha. Huanza kula pembeni mwa uwezo wa kuona na kuacha katikati kukiwa safi, na ndiyo sababu dereva wetu aliweza kusoma herufi zote huku akigonga vioo. Kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji. Matibabu hulinda kilichobaki tu. Sisi watu weusi huipata kwa wingi zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu, na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua yumo hatarini zaidi.

Hapa niseme jambo ambalo hunisumbua karibu kila wiki. Wagonjwa wengi wakisikia "presha ya macho" hudhani ni ile ile ya damu, na kwamba vidonge wanavyomeza kila asubuhi vinatosha. Hayo ni magonjwa mawili mbalimbali. Presha yako ya damu yaweza kuwa nzuri kabisa ilhali neva ya jicho inakufa.

Wengine huchanganya miwani na uchunguzi. Mimi mwenyewe nilipofikisha miaka 43 nilianza kusogeza gazeti mbali na uso, na kwa aibu ya ujana nikanunua miwani ya kusomea kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Ilinisaidia kusoma, sikatai. Lakini mchuuzi hakupima presha ya jicho wala hakutazama neva. Ukishapita miaka 40, uende ukachunguzwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama unaona vizuri. Mwenye kisukari asingoje umri wowote: achunguzwe mara moja kila mwaka, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa dawa, kwa maana sukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho kimya kimya. Siku hiyo usiendeshe gari, kwa kuwa utaona ukungu kwa saa kadhaa.

Jihadhari pia na dawa za matone zinazonunuliwa dukani bila cheti. Baadhi yake zina steroidi. Mama humnunulia mtoto mwenye mwasho wa macho, mwasho unatulia, naye anaendelea kununua chupa baada ya chupa. Steroidi ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na hata kuleta mtoto wa jicho. Na fundi wa kuchomea vyuma asiyevaa miwani ya kazi hahitaji kungoja ugonjwa wowote. Kipande kimoja cha chuma kinatosha. Mboga za majani na karoti ni chakula kizuri, sigara ni adui wa macho kama ilivyo wa mapafu, lakini hakuna chakula kitakachofungua vijia vya glakoma.

Ukipewa dawa ya matone, itie kila siku saa zile zile. Baada ya kutia, fumba jicho na ubonyeze taratibu pembe iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isiteremkie puani. Ikiwa una pumu, mwambie daktari mapema, kwani matone ya aina ya timolol yaweza kukubana kifua. Wengi huacha dawa kwa kuwa hawaoni nafuu yoyote. Kwa kweli hakuna nafuu ya kuonekana. Dawa inafanya kazi yake macho yakibaki vile yalivyo.

Jijini Nairobi na karibu yake, macho huchunguzwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Hospitali ya Kikuyu, na ile ya Lions iliyoko Loresho, miongoni mwa nyingine.

Dereva wetu aliacha usukani na sasa hupanga magari stejini. Dadake, ambaye ni mwalimu, alikubali kupimwa na ugonjwa ukagunduliwa kabla hajapoteza chochote. Anatia matone kila jioni. Kaka yao mkubwa yuko Mombasa. Ameshapigiwa simu mara tatu, na kila mara hujibu kwamba macho yake hayamuumi.