Je, Wajua? Mtaa wa Brussels Unaofundisha Mazingira

Quartier européen, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya jijini Brussels, hutajwa redioni pale viongozi wanapokutana. Kijana anayesomea sayansi ya mazingira ana sababu nyingine za kuujua. Mtaa huu una mambo mengi ya kumfundisha, na kadhaa yanagusa mashamba, maziwa na fukwe zetu wenyewe.

Je, wajua kwamba mfupa maarufu wa Kongo umehifadhiwa hapa?
Katika makumbusho ya sayansi asilia kando ya bustani ya Léopold kuna mfupa mdogo wa Ishango, wenye urefu wa takribani sentimita 10. Mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950 huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi, na umechanjwa alama zilizopangwa katika safu tatu. Wataalamu bado wanabishana kama ni hesabu, kalenda au kitu kingine. Eneo ulikopatikana limo ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo ndiyo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote barani Afrika.

Je, wajua kwamba bwawa la bustani hiyo ni masalia ya kijito kilichofukiwa?
Kijito cha Maelbeek kilipita bondeni hapa kikijaza mabwawa kadhaa. Jiji lilipokua, kikafunikwa na kupitishwa chini ya ardhi. Leo wapita njia wanalijua jina hilo zaidi kama kituo cha treni ya chini ya ardhi.

Je, wajua kwamba makao makuu ya Kamisheni ya Ulaya yaliwahi kuhamwa kwa sababu ya asbesto?
Jengo la Berlaymont lilijengwa miaka ya 1960, wakati asbesto ikisifiwa kwa kuzuia moto. Baadaye ikathibitika kwamba nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi huleta saratani. Mwaka 1991 wafanyakazi walihamishwa, na jengo halikufunguliwa rasmi tena hadi mwaka 2004. Kwetu bado zipo nyumba na shule zilizoezekwa kwa asbesto. Kuzitambua, na kuziondoa bila kutimua vumbi, ni kazi ya mtu aliyefunzwa.

Je, wajua kwamba Brussels yenyewe ilichelewa kusafisha majitaka yake?
Mwaka 1991 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuitaka miji isafishe majitaka kabla ya kuyamwaga mitoni. Hata hivyo mtambo wa kwanza wa Brussels ulianza kazi mwaka 2000, na ule mkubwa wa kaskazini mwaka 2007. Kabla ya hapo majitaka ya jiji yaliingia mto Senne kama yalivyo. Kupitisha sheria ni hatua ya mwanzo tu. Panahitajika fedha, mitambo, na mafundi wa kupima maji kila siku.

Je, wajua kwamba kahawa ya Mbinga na Bukoba ina sheria yake hapa?
Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayohusu bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vitu vinavyotengenezwa kutokana nazo. Hakuna inayoruhusiwa kuingia soko la Ulaya ikiwa imetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele, lakini sharti lake kuu halijaondoka: mahali shamba lilipo lazima pajulikane kwa vipimo vya ramani. Vipimo hivyo havichukuliwi Brussels. Vinachukuliwa shambani, na mtu anayejua kutumia kifaa na kusoma ramani.

Je, wajua kwamba sangara wa Ziwa Victoria walipigwa marufuku Ulaya?
Mwaka 1999, baada ya hofu kwamba baadhi ya wavuvi wanatumia sumu, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanda vya minofu vikakosa soko, wavuvi na wachuuzi wakaumia, hata wale ambao hawakuwahi kugusa sumu. Zuio lilianza kuondolewa mwaka 2000, baada ya nchi hizo kuimarisha ukaguzi na upimaji. Neno la heshima la mfanyabiashara halikutosha. Kilichotakiwa ni majibu ya maabara.

Je, wajua kwamba Ulaya nayo inatambua masomo ya vyuo vya kati?
Katika mfumo wa sifa za elimu wa Ulaya wenye ngazi 8, masomo mafupi ya chuo yapo ngazi ya 5, moja chini ya shahada ya kwanza. Kwa kawaida yana krediti 120, yaani miaka miwili, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kusoma. Tangu mwaka 2019, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi umeyaweka masomo hayo chini ya vyuo vikuu vyake vya ufundi, na mwanafunzi anaweza kuendelea hadi shahada.

Je, wajua kwamba mtaalamu wa mikoko wa Kenya alisomea Brussels?
Dkt. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, alipata shahada ya uzamivu mwaka 2001 katika Vrije Universiteit Brussel, chuo kilicho kilomita chache kutoka mtaa huu. Utafiti wake ulihusu mikoko ya Kenya na namna ya kuirejesha. Ujuzi huo ulizaa matunda Kwale, ambako wanakijiji wa Gazi na Makongeni waliingia mwaka 2013 katika biashara ya hewa ukaa kwa kulinda hekta 117 za mikoko. Mradi wao, Mikoko Pamoja, umeleta fedha za maji na shule, na mwaka 2017 ulishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Je, wajua kwamba si lazima kusafiri mbali ili kuanza?
Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimefundisha wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1963, na hadi leo kinatoa astashahada na stashahada pamoja na shahada.

Mzazi, mwalimu, kijana akichagua stashahada ya mazingira asionekane ameshindwa. Sheria za Brussels zitazidi kuja, na wa kuzijibu ni yule anayejua kupima maji, udongo na samaki. Tumsomeshe.