Pumzi Moja Barabarani, Maneno Mengi Mahakamani

"Dereva, puliza hapa."

Ni usiku wa Ijumaa jijini Nairobi, na afande ameshapenyeza kifaa dirishani kabla kioo hakijamaliza kushuka. Kina ukubwa wa tochi, na upande mmoja kimepanuka kama mdomo wa faneli. Dereva anavuta pumzi, anapuliza, kisha wote wawili wanasubiri taa. Ikiwaka ya kijani, safari njema. Ikiwaka nyekundu, anaombwa ashuke na kupelekwa kwenye mashine ya pili. Hiyo huwekewa mrija mpya wa plastiki, unaotolewa kwenye karatasi yake mbele ya macho yake, na badala ya rangi hutoa namba.

Wakenya wanakiita alcoblow. Ni jina la kibiashara la kifaa cha kampuni ya Lion Laboratories ya Wales, ambalo sasa limekuwa jina la msako wenyewe. Msako huo ulirudi barabarani kwa kishindo Desemba 2013, Michael Kamau akiwa Waziri wa Uchukuzi. Kuna waliolala ndani ya magari yao nje ya baa, waliomwachia rafiki ufunguo, na waliokesha mitandaoni wakitonyana vizuizi viko barabara gani. Lakini taa haimfungi mtu. Anayefunga ni hakimu, na hakimu anasoma sheria.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinasema ni kosa kuendesha gari ukiwa umelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari lako sawasawa. Hakitaji namba. Namba zililetwa na Kanuni za mwaka 2011: mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na miligramu 107 katika kiasi hicho hicho cha mkojo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliziweka sheria na kanuni pamoja na kuona hazilingani. Sheria inataka ithibitishwe kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Kanuni zinataka tu ionekane amepita kiwango. Hayo ni makosa mawili tofauti, na kanuni, ambayo ni mtoto wa sheria, haina uwezo wa kuzaa kosa ambalo mama yake hakulitaja.

Wapo walioisikia hukumu hiyo kama ruhusa ya kunywa na kushika usukani. Haikuwa ruhusa. Mlevi bado angeweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 44, ambacho adhabu yake hufika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miaka miwili. Tofauti ni kwamba upande wa mashtaka ulibaki na mzigo mzito zaidi: kueleza gari lilivyokuwa likiyumba, dereva alivyotembea, alivyojibu alipoulizwa. Aliyekunywa sana lakini anajua kusimama wima mbele ya askari alipata mwanya, na mtembea kwa miguu aliye mbele ya gari lake hana habari na sifa hiyo.

Ukifuata chimbuko la maneno haya, utafika Uingereza, tena mara mbili. Maneno ya kifungu cha 44 yanafanana karibu neno kwa neno na Sheria ya Barabara ya Uingereza ya mwaka 1930. Namba 35, 80 na 107 nazo ni zile zile za Waingereza, ila za kizazi kingine. Wao waliishi na maneno ya kushindwa kulimudu gari kwa miongo kadhaa, madaktari wakiwatembeza watuhumiwa juu ya mstari wa chaki, mpaka Bunge lao lilipopitisha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1967 chini ya waziri Barbara Castle, mwanamke ambaye mwenyewe hakuwa na leseni ya udereva. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika Oktoba mwaka huo, iliiweka namba 80 ndani ya sheria mama. Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000. Kenya ikabeba namba za kizazi cha pili, lakini ikaacha sheria mama ikizungumza lugha ya 1930. Kazi ya kuziunganisha ilikuwa ya Bunge, na ilistahili kufanywa kabla ya kifaa cha kwanza kununuliwa.

Namba zenyewe hazikuokotwa. Damu inapopita mapafuni, alkoholi huvukia kwenye pumzi kwa uwiano ambao sheria ya Uingereza inauhesabu kuwa 2,300 kwa 1. Zidisha 35 kwa 2,300, utapata mikrogramu 80,500, yaani miligramu 80 na nusu. Ndiyo maana pumzi inaweza kusema kwa niaba ya damu. Inaweza pia kudanganya: mtu aliyetoka kumeza funda la pombe, au kusukutua kwa dawa ya mdomo yenye alkoholi, ana mvuke mdomoni ambao haujatoka mapafuni. Kumsubirisha dakika 15 hadi 20 kabla ya kipimo kinachopelekwa mahakamani ni haki yake, hata kama foleni ya magari nyuma yake inapiga honi.

Tanzania, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, nayo inashika miligramu 80 kwa dereva wa kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri 50, na 20 kwa madereva vijana. Scotland ilishuka hadi 50 Desemba 2014.

Kwa dawa za kulevya, pumzi haisemi kitu. Jimbo la Victoria nchini Australia lilianza mwaka 2004 kuwapima madereva mate kando ya barabara, na mapema tu likamtangaza hadharani dereva ambaye maabara ilikuja kumsafisha. England na Wales walipoanza Machi 2015 walitenganisha hatua: mate yanatoa shaka, damu inayochukuliwa baadaye ndiyo inayotoa ushahidi. Kwa kokeini kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita ya damu, kwa bangi ni 2. Dawa za hospitali kama diazepamu ziliwekewa vikomo vya juu zaidi, na mgonjwa aliyefuata maagizo ya daktari ana utetezi, mradi uendeshaji wake haukuathirika.

Kifungu cha 44 kinataja dawa kwa neno moja tu, bila kiwango. Na hapo katikati ipo miraa, halali Kenya, marufuku Tanzania na, tangu Juni 2014, Uingereza. Dereva wa lori aliyetafuna usiku kucha kutoka Mombasa ili afike Malaba bila kulala anasimamishwa alfajiri, macho mekundu, vidole vinagonga usukani. Anashusha kioo. Anapuliza kama alivyoambiwa. Taa inawaka kijani.