Wanyama adimu wa Sudan Kusini wanaotazamwa ng'ambo

JUBA – Mtoto wa Juba anayetaka kumwona korongo nyangumi kwa macho yake, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao, njia iliyo rahisi kwake ni kupanda basi hadi Nimule, kuvuka mpaka, kupita Gulu na Kampala, kisha kushuka Entebbe. Huko, kando ya Ziwa Victoria, ndege huyo anatunzwa katika kituo cha elimu ya uhifadhi kilichoanzishwa mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima.

Ajabu ni kwamba kwao hasa korongo huyo ni Sudan Kusini. Wataalamu wanakadiria kuwa waliobaki duniani ni kati ya 5,000 na 8,000, na sehemu kubwa yao wanaishi katika Sudd, kinamasi kikubwa cha Mto Nile kilichoko kaskazini mwa Juba. Lakini Sudd ni nchi ya maji na mafunjo, na familia ya mjini haiendi kutembea huko siku ya Jumapili.

Sudan Kusini haina bustani ya taifa ya wanyama. Ilipokuwa bado sehemu ya Sudan, bustani iliyojulikana ilikuwa Khartoum. Hiyo nayo ilifungwa katika miaka ya 1990, na mahali pake pakajengwa hoteli ya kifahari. Matokeo yake, wanyama adimu wa nchi hii wanajulikana zaidi na watoto wa Ulaya na Marekani kuliko watoto wa Juba.

Vifaru sita wa Shambe

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa kifaru mweupe wa kaskazini. Mwaka 1975, kundi la wakamataji wanyama lilifika Shambe, ukingoni mwa Nile, likakamata vifaru sita, madume wawili na majike wanne. Walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Dvůr Králové. Mmoja wao, dume aliyekuwa bado mtoto, alipewa jina la Sudan.

Wakati huo wengi hawakujua kuwa kutekwa kwake ndiko kungemwokoa. Mwaka 1960 vifaru weupe wa kaskazini walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000, wakiwa wametawanyika Sudan, Uganda, Kongo, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Vita na biashara ya pembe viliwafyeka. Kufikia mwaka 1984 waliokuwa wakijulikana porini walikuwa kama 15 tu, wote katika Hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, jirani kabisa na mpaka wa Sudan Kusini. Waliongezeka hadi kama 30, kisha majangili wakarudi. Tangu mwaka 2006 au karibu na hapo, hakuna aliyethibitika kuonekana porini.

Huko Dvůr Králové, Sudan alimzaa Najin mwaka 1989. Najin naye alimzaa Fatu mwaka 2000. Baada ya Fatu, hakuna ndama mwingine wa jamii hiyo aliyezaliwa mahali popote duniani.

Kurudi Afrika Mashariki

Desemba 2009, Sudan, dume mwingine aitwaye Suni, Najin na Fatu walirudishwa Afrika na kupelekwa Ol Pejeta, Laikipia nchini Kenya. Ilitarajiwa kuwa jua, nafasi na majani ya Afrika vingewarudishia hamu ya kuzaa. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, akilindwa usiku na mchana na askari wenye silaha, alifika umri wa miaka 45, akadhoofika kwa uzee, na Machi 19, 2018 madaktari wa wanyama wakampumzisha. Aliondoka Shambe akiwa mtoto na hakuiona tena.

Sasa wamebaki Najin na Fatu, mama na binti, wote majike. Hakuna hata mmoja anayeweza kubeba mimba. Wanasayansi wanavuna mayai ya Fatu, wanayarutubisha maabara kwa manii yaliyohifadhiwa ya madume waliokwisha kufa, na viinitete vinavyopatikana vinagandishwa Ulaya. Januari 2024 walitangaza kuwa kifaru jike wa jamii ya kusini aliyepandikizwa kiinitete cha jamii hiyohiyo ya kusini alikuwa ameshika mimba, ingawa alikufa kwa maambukizi ya bakteria kabla ya kuzaa. Wakati huo viinitete vya jamii ya kaskazini vilivyokuwa akibani vilikuwa 30.

Wengine wako mlangoni

Kifaru hayuko peke yake katika orodha. Yupo lechwe wa Nile, paa wa kinamasi ambaye dume lake lina manyoya meusi na baka jeupe mgongoni na shingoni. Porini anapatikana Sudd na ng'ambo ya mpaka, Gambella nchini Ethiopia, na yumo katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Hata hivyo, bustani kadhaa za Ulaya na Marekani zinamfuga na anazaa huko.

Tofauti na kifaru, lechwe na korongo nyangumi bado wana kwao. Nchi yenyewe bado ina utajiri: Juni 2024, Rais Salva Kiir alitangaza mjini Juba matokeo ya sensa ya angani iliyokadiria kuwa takriban swala milioni 6 wa aina mbalimbali huhama kati ya Boma, Badingilo na maeneo ya jirani. Badingilo haiko mbali na Juba. Lakini kwa wakazi wengi wa mji, nyamapori bado humfikia mtu akiwa amekaushwa na kufungwa nyuma ya pikipiki.

Wapo wanaoona kuwa kujenga bustani ya wanyama Juba ni anasa kwa nchi yenye mafuriko, njaa na wakimbizi. Hoja hiyo ina uzito: mnyama aliyefungiwa anahitaji chakula na daktari kila siku, hata siku ambayo mishahara haijalipwa. Lakini Entebbe ilianza na wanyama yatima, na leo ni darasa la wanafunzi wa Uganda nzima.

Sudan Kusini, Uganda, Kenya na Kongo, nchi nne zilizobeba historia ya kifaru huyu, leo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku moja ndama akizaliwa Laikipia, damu yake itakuwa ya Shambe. Itabidi Juba iamue mapema kama itakuwa tayari kumpokea, au itaendelea kumtazama kwenye picha.