Penzi Likivunjika Kabla ya Viza ya Kudumu

Anayeomba viza ya mwenza akiwa ndani ya Australia huomba mbili kwa mkupuo: namba 820 ya muda, na namba 801 ya kudumu. Ada hulipwa mara moja, nayo imepita dola 9,000 za huko. Kwa kawaida ya kudumu huangaliwa miaka miwili baada ya ombi kupokelewa, na miaka miwili yatosha kabisa watu kuachana.

Wengi hudhani afisa hupima mapenzi ya siku fomu ilipopelekwa. La. Hutazama pia siku anapoamua. Uhusiano ukiwa umekwisha, hata kama ulikuwa wa kweli tangu mwanzo, msingi wa viza umeondoka.

Wanaoishi kinyumba wana kazi zaidi, maana hawana cheti cha ndoa cha kuanzia. Kanuni za Uhamiaji za 1994 zinachunguza mambo manne: fedha zao, nyumba yao, wanavyojulikana na watu, na ahadi baina yao. Tena uhusiano uwe umetimiza miezi 12 kabla ya ombi, isipokuwa kama umesajiliwa katika jimbo linaloruhusu, mfano Victoria. Mtanzania anaweza kukumbuka kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana kama mume na mke huweza kudhaniwa kuwa wameoana. Australia, kujulikana mtaani ni sehemu moja tu. Mkataba wa pango, bili na taarifa za benki navyo vinatakiwa.

Wakiachana, mwombaji anatakiwa kuiarifu Idara ya Mambo ya Ndani. Anayeendelea kudai wako pamoja, akabainika, anaweza kukataliwa na kufungiwa kupata viza kwa miaka mitatu. Mara nyingi mdhamini, yaani mwenza anayedhamini ombi, ndiye anayewahi kuandika kwamba amejitoa. Hapo mwombaji hupewa nafasi ya kujibu.

Na jibu lipo. Sheria imeacha milango mitatu: mdhamini amefariki, kuna mtoto ambaye wote wawili wana wajibu kwake, au kulikuwa na ukatili wa nyumbani.

Huu wa tatu ndio usiofahamika vya kutosha. Ukatili si kipigo peke yake. Vitisho, kunyimwa fedha na kutenganishwa na jamaa huweza kuhesabiwa, mradi ulitokea uhusiano ukiwa bado upo. Ushahidi ni amri ya mahakama, au maelezo ya polisi, daktari au mtaalamu wa ustawi wa jamii. Kwa kuwa mlango huu upo, kauli ya mdhamini ya "nitakurudisha kwenu" ni ya kutisha tu: mdhamini anaweza kuondoa udhamini wake, lakini mwenye uwezo wa kukataa au kufuta viza ni serikali.

Ombi likikataliwa, rufaa huenda kwenye baraza la mapitio lililoanza kazi Oktoba 2024, na muda wake ni mfupi. Aliyekataliwa akiwa nchini huzuiwa pia kuomba aina nyingi za viza bila kutoka kwanza.

Barua ya Idara ikifika, basi, isiwekwe kabatini. Ipelekwe siku hiyo hiyo kwa mwanasheria au wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa; asiyejua Kiingereza apige 131 450 aombe mkalimani wa Kiswahili.