Mwajiri wa Kwanza wa Aliyetoka Gerezani

Ndugu wananchi wa Busia, Malaba na Mutukula,

Kila mfungwa anapomaliza kifungo na kurejea kijijini, majirani hutujia na swali moja: je, ataiba tena? Swali hilo ni halali, hasa kwa aliyevunjiwa duka lake. Jibu hutegemea kwa kiasi kikubwa kazi atakayoipata.

Magereza ya Uganda hufundisha useremala, ushonaji na kilimo. Samani za karakana za Luzira zinajulikana sana. Lengo si kumshughulisha mfungwa ili siku zipite tu. Anayejifunza ufundi huzoea kufuata vipimo, kumsikiliza msimamizi na kumaliza alichokianza. Mwaka 2013 taasisi ya RAND ya Marekani ililinganisha tafiti nyingi za nchini humo kuhusu elimu na mafunzo ya kazi magerezani. Ilibaini kuwa, katika kila wafungwa 100 waliofundishwa, wapatao 13 zaidi waliepuka kurudia uhalifu, wakilinganishwa na wasiofundishwa.

Hata hivyo, ufundi pekee hautoshi. Anayetoka gerezani mara nyingi hana randa, cherehani wala mtaji. Hapa mpakani hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa wafanya magendo hawaulizi cheti wala tabia. Wanahitaji tu mtu wa kuvusha mzigo usiku kupitia njia za panya. Fundi mwema akimfungia mlango, mfanya magendo atamfungulia.

Kwa hiyo tunawaomba wenye karakana na mashamba wampokee mtu kama huyo kwa majaribio. Aanze kazi mchana, chini ya uangalizi. Makubaliano ya ujira yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Zana zihesabiwe asubuhi na jioni, kama zinavyohesabiwa kwa fundi mwingine yeyote. Aliyetendewa kosa naye asisahauliwe: asikilizwe kwanza, wala asilazimishwe kusamehe. Mwenye mashaka afike kituo cha polisi kilicho karibu, amwone afisa wa uhusiano wa jamii.

Hatuombi sheria ilegezwe. Atakayerudia kosa tutamkamata na kumfikisha mahakamani. Lakini tungependa zaidi kumkuta karakanani, ana kazi mkononi, kuliko kumfuata usiku njiani akiwa na mzigo wa magendo. Hilo hatuwezi kulitimiza peke yetu, tunawahitaji ninyi.